Tundu la Gego Lisilofunga

Kioo kilisema ni jipu la mzizi, dawa siku saba. Kilikuwa kimesema hivyo Januari, kikarudia Machi, na sasa Mei kilikuwa kinasema kwa mara ya tatu, kwa sauti ile ile ya upole inayowafanya baadhi ya watu wa Ukalula wakiamkie shikamoo.

Tabibu Sikudhani Kibwana hakukitoa mdomoni mwa mgonjwa. Kilikuwa kifaa kidogo, mviringo kama kifuniko cha chupa, chenye mpini mwembamba. Aliacha mwanga wake wa buluu uendelee kupita juu ya fizi za chini, upande wa kulia, naye akainama kutazama kwa macho yake. Wiki nane zilizopita aling'oa gego pale, baada ya Kioo kumwelekeza. Tundu lilikuwa bado wazi. Kingo zake zilikuwa zimeinuka na kuwa na chembechembe, nyekundu mahali, nyeupe mahali. Usaha haukuwepo.

"Mzaramo," mgonjwa alisema, maneno yakitoka yamepondeka kwa sababu mdomo ulikuwa wazi. "Ukishaingia kinywani mwa Mnyamwezi hutoki mpaka umekula kilichomo?"

"Kuna nini cha kula humu? Meno yenyewe umebaki nayo ya kuhesabu."

"Hayo hayo. Nyie mnachagua?"

Mzee Msabila alikuwa na miaka sitini na moja, na kazi yake ilikuwa kuonja asali. Ushirika wa wafuga nyuki wa Ukalula haukufunga pipa hata moja kabla yeye hajatia kijiti mdomoni, akafumba macho, akasema nyuki wale walikula maua ya mti gani na kama mwenye mzinga ameongeza sukari. Kabla ya hapo alikuwa mchambuzi wa tumbaku, na kwa miaka ishirini aliweka ugoro shavuni. Aliuacha siku alipopewa kazi ya asali. Sikudhani alikuja Ukalula akiwa msichana mwenye cheti kipya kutoka chuoni, na tangu siku ya kwanza Mzee Msabila alimwita mtani, akamwambia amekuja kwao kwa sababu kwao Kisarawe watu wamemaliza meno kwa kusengenya.

"Nina neno jingine," mzee alisema Kioo kilipotolewa. "Chai iliniunguza jana sikujua. Mke wangu ndiye aliyeona lengelenge. Mdomo huu wa chini, hapa, uko kama siku ile uliponichoma sindano ya ganzi. Ila jana hukunichoma kitu."

Sikudhani alivaa glavu, akapitisha kidole polepole kando ya lile tundu. Jipu lina tabia zake. Huja kwa kasi, lina joto, linapigapiga, na ukilibonyeza kidole huzama kidogo na mgonjwa huruka kitini. Hapa kidole hakikuzama. Nyama ilikuwa ngumu kama mzizi uliofukiwa, na mzee hakuruka. Jino la jirani lilicheza lilipoguswa, ingawa lilikuwa zima, halina hata doa. Alishuka chini ya taya, kisha shingoni, akakuta tezi moja ngumu, isiyouma, isiyosogea.

Ukutani, kabati la dawa lilitoa mlio wake mdogo na kusukuma nje pakiti ya vidonge vya siku saba. Sikudhani aliiacha hapo ilipo.

"Mtani," alisema. "Siku ile ya kwanza, Januari, Kioo kilikuuliza maumivu yalianza lini."

"Nikasema juzi."

"Yalianza juzi?"

Mzee Msabila aliangalia mlango, kisha dirisha, kisha viatu vyake.

"Niulize vingine," alisema.

Sikudhani alivuta kiti akaketi, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi foleni ikiwa ndefu. Alifikiri. "Asali ya Novemba uliionja kwa upande gani wa mdomo?"

"Kushoto."

"Na ile ya Juni, kabla yake?"

"Juni nilianza kote. Mwisho wa mwezi nikahamia kushoto. Kulia palikuwa na kitu kama punje ya mtama imenasa. Haiumi, lakini inakera. Sasa mwaka unakaribia."

"Kwa nini ulisema juzi?"

"Ungenigombeza." Alisema kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kwenda sokoni. "Usinitazame hivyo. Ulikuwa unatugombeza, Mzaramo. Zamani, kabla ya Kioo. Mtu akisema miezi mitatu, unaweka koleo chini, unauliza alikuwa wapi siku zote hizo, na foleni nzima inasikia. Mama Nshoma alitoka hapa analia. Ndiyo tukafundishana. Ukifika kwa tabibu, sema juzi. Wote tunasema juzi."

*

Alikata kipande kidogo cha nyama kutoka kwenye ukingo wa tundu, akakitia kwenye kichupa, akakiweka kwenye ndege ndogo ya sampuli, isiyo na rubani, inayoruka kila siku saa sita mchana kwenda hospitali ya rufaa. Fomu ilitaka namba ya idhini ya Kioo. Hakuwa nayo. Aliandika, "Kwa kidole changu," akatia saini.

Kisha alifanya kitu ambacho angepaswa kukifanya miaka mingi nyuma. Alikipa Kioo picha zile zile za kinywa cha Mzee Msabila, lile lile tundu, lile lile jino lililolegea, akabadilisha jibu moja tu. Mahali palipoandikwa siku mbili, akaandika miezi kumi na moja.

Kioo kilifikiri kwa muda wa pumzi moja. "Dalili za saratani ya fizi," kilisema. "Rufaa ya haraka."

Alirudisha siku mbili. "Jipu la mzizi," kilisema. "Dawa siku saba."

Alichukua vinywa vingine ishirini kutoka kwenye kumbukumbu za kituo, vya watu waliopewa dawa mara mbili au zaidi kwa jino lisilo na tundu. Alivijaribu kimoja kimoja, akiandika kwenye daftari la mistari. Kumi na tisa vilifuata muda. Picha ilisema kitu kimoja na muda ukasema kingine, na kila mara Kioo kilisikiliza muda.

Hakuhitaji mhandisi amweleze sababu. Alikuwepo Kioo kilipofundishwa. Hiyo ilikuwa baada ya miaka ambayo watu waliiita ya mgomo, dawa za kuua vijidudu zilipotumiwa ovyo hadi zikaacha kufanya kazi, na mtu mzima mwenye jino bovu aliweza kuingia kituoni Jumatatu na kuzikwa Alhamisi, uvimbe ukiwa umeshuka chini ya taya na kuziba koo. Dawa mpya ilipopatikana, ilifungwa kwa sheria. Hakuna binadamu atakayeitoa peke yake. Kioo kisome kinywa, Kioo kiamuru, ndipo kabati lifunguke. Na ili Kioo kijue kusoma, kilipewa daftari za matabibu waliokuwa wanaandika vizuri. Zake zilichaguliwa za kwanza. Alikuwa na mwandiko mzuri, na hakuwahi kuacha safu tupu. Mistari elfu tisa. Kwenye safu ya muda: siku mbili, siku mbili, siku tatu, siku mbili.

Wale wachache waliothubutu kutaja miezi aliwagombeza, kisha akawachunguza vizuri na kuwapeleka rufaa. Waliosema juzi aliwang'oa jino na kuwapa vidonge, na waliokuwa na kitu kingine hawakurudi. Walikwenda kwa waganga, au kwa ndugu zao mbali, au makaburini, na daftari lilibaki linasema jipu. Kwa hiyo Kioo kilijifunza kwamba saratani ni ugonjwa wa watu wanaokiri kuchelewa.

Perpetua, muuguzi wake, aliingia na vikombe viwili vya chai, akamkuta amekaa, daftari limefungwa.

"Umekula?"

"Bado."

"Foleni imeisha. Wawili nimewaambia warudi kesho." Perpetua alitazama daftari. "Ni wangapi?"

"Hapa kwetu, sitini na watatu. Wa kuitwa tena kuangaliwa. Si kwamba wote wanayo."

"Na kwingine?"

Kulikuwa na Vioo arobaini na kimoja katika kanda, vyote vikitumia akili moja. Sikudhani alikunywa chai. Ilikuwa imepoa lakini aliimaliza.

*

Mhandisi Ombeni wa Bodi ya Vioo alipokea simu siku ya pili. Alikuwa kijana alipokuja Ukalula kunakili zile daftari, akalala wiki tatu nyumbani kwa Sikudhani, akila wali wa nazi na kulalamika kwamba huku bara nazi inakuja imezeeka. Sasa uso wake kwenye skrini ulikuwa na mvi kidevuni.

Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Aliomba namba za vile vinywa ishirini, akavijaribu mwenyewe, skrini ikiwa imenyamaza kwa karibu saa nzima.

"Ni kweli, mama," alisema aliporudi.

"Mnaweza kukirekebisha?"

"Tunaweza. Swali lenyewe ni la kubadilisha, na uzito wa muda, kisha kukifundisha upya na kukipima. Toleo jipya lipo kwenye ratiba ya Januari. Nitaliingiza humo."

"Hii ni Mei."

"Ndiyo."

"Na wale waliokwisha ambiwa ni jipu?"

Ombeni alisugua macho. "Kuwaita ni kukiri kwamba Kioo kimekosea. Kukiri ni fomu nyekundu. Sheria unaijua."

Aliijua. Fomu nyekundu ikitumwa na tabibu yeyote, Vioo vyote vya akili hiyo vinasimama palepale, popote vilipo, mpaka vifundishwe upya na kupimwa. Waliotunga sheria walikuwa wamezika watu wengi katika miaka ya mgomo, na hawakutaka kuacha mlango wa kubembelezana.

"Kusimama kwa muda gani?"

"Miezi minne, tukikimbia. Na Kioo kikisimama, kabati linajifunga." Alisogeza karatasi mbele yake. "Mama, nimehesabu. Miezi minne, kanda nzima, watakuja karibu watu mia tatu wenye uvimbe wa hatari kweli. Bila dawa, wanaweza kufa thelathini. Nikingoja Januari, saratani zitakazopitwa ni kama ishirini na tano. Nimehesabu mara tatu. Nilitaka nipate jibu jingine."

Sikudhani hakumkasirikia. Aliyaona macho yake mekundu. Aliona pia kwamba hesabu ilikuwa safi, kama zilivyokuwa daftari zake.

"Matabibu wengine wakiambiwa kimyakimya? Waulize vizuri zaidi?"

"Vituo kumi na viwili havina tabibu, mama. Kuna mhudumu wa kufagia na Kioo. Kinauliza chenyewe."

Nje, mtu alikuwa anabishana na Perpetua kuhusu nafasi yake kwenye foleni.

"Nipe mpaka Jumatatu," Sikudhani alisema.

"Sikukatazi kutuma," Ombeni alisema. "Nataka ujue hivyo. Nakuonyesha tu bei yake."

Siku tatu zile alifanya kazi kama kawaida. Aling'oa, aliziba, alishona. Kila mgonjwa alimuuliza kwa mambo ya maisha yake: ulipokuwa unapalilia, lilikuwa linauma? Harusi ya dada yako, ulitafuna nyama upande gani? Watu walijibu bila kuficha, kwa sababu hakuna aliyewahi kugombezwa kwa kutafuna nyama upande mmoja. Jioni alirudi nyumbani na miguu imevimba, akaitia kwenye beseni la maji ya chumvi, akafikiri juu ya thelathini na ishirini na tano.

Alijaribu kuwa mwadilifu kwa pande zote mbili. Wale thelathini walikuwa watu. Angeweza hata kubashiri nyuso zao, mashavu yaliyojaa, mate yanayotiririka kwa sababu kumeza kumeshindikana. Lakini mtu anayekuta kituo kimefungwa anajua kimefungwa. Anapakiwa kwenye pikipiki, anapelekwa kituo kingine, anapiga kelele, ndugu zake wanapiga kelele. Mtu aliyeambiwa ni jipu na kupewa vidonge anakwenda nyumbani kulala. Hatafuti kitu. Anaona uvimbe unakua na anajiambia dawa inafanya kazi polepole, kwa sababu ameamini, na tuliomfanya aamini ni sisi. Sikudhani hakuona namna ya kuliingiza jambo hilo kwenye hesabu ya Ombeni. Hakuwa na uhakika kama lina uzito wa kutosha watu watano. Kila jioni alilala bila jibu.

*

Majibu ya kipande cha nyama yalikuja Ijumaa. Yalikuwa kama kidole kilivyosema.

Mzee Msabila alikuja peke yake, amevaa kanzu safi. Alikataa kukaa kwenye kiti cha wagonjwa, akachagua benchi la Perpetua.

"Nieleze wima," alisema. "Usinizungushe kama unauza mkungu wa ndizi."

Alimweleza. Ni saratani ya fizi, imeingia kwenye mfupa wa taya, na mshipa wa hisia unaopita ndani ya mfupa huo umeguswa, ndiyo maana mdomo umekufa ganzi. Hospitali ya rufaa watakata nusu ya taya ya chini upande wa kulia, na kuondoa tezi za shingo. Watachukua mfupa mwembamba wa mguu, waukuze kwenye chombo kwa wiki mbili, kisha waupinde kuwa taya. Baada ya hapo, miale.

"Nitatembea?"

"Utatembea. Mfupa ule mwembamba hauchukui uzito."

"Nitatafuna?"

"Vyakula laini kwanza. Baadaye, pengine."

Alisubiri kidogo kabla ya swali la tatu, na Sikudhani alijua ni lipi.

"Nitaonja?"

"Ulimi hawaugusi. Lakini miale inakausha mate, na bila mate ladha inapotea. Kwa wengine inarudi nusu. Kwa wengine hairudi. Mtani, sijui."

"Kama ningekuja Julai?"

Angeweza kusema hakuna ajuaye. "Julai wangekata kipande kidogo cha fizi," alisema. "Pengine bila miale."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi. Kisha akasema, "Nikifa usithubutu kuja msibani na kuvaa kanzu hii ukacheza nayo kama watani wafanyavyo."

"Kanzu yenyewe fupi. Itanifika magotini."

"Wazaramo mna miguu mirefu ya kukimbilia pilau." Alicheka, upande mmoja wa mdomo ukabaki nyuma. Alijipangusa mate kwa kitambaa, akakikunja vizuri. "Perpetua ameniambia unataka kukizima Kioo."

"Perpetua ana mdomo."

"Mkwe wangu Kabula ana jino. Shavu limejaa tangu jana asubuhi, na ana mimba ya miezi saba. Nimemwambia aje Jumatatu." Alimtazama usoni. "Mimi ndiye niliyeongopa, Mzaramo. Sitaki mtu mwingine afe kwa jino ili mimi nionekane nilionewa."

"Aje leo hii. Asingoje Jumatatu."

"Yuko kwa mama yake, ng'ambo ya mto. Watampakia keshokutwa maji yakishuka."

Sikudhani aliona hesabu ya Ombeni imepata jina na mimba ya miezi saba.

"Wewe uliongopa mara moja," alisema. "Mimi niliwafundisha watu wa kata nzima kuongopa, halafu nikakifundisha Kioo kuwaamini. Kuna watu sitini na wawili kwenye daftari langu mbali na wewe. Wamelala nyumbani wanasubiri jipu lipoe."

Benchi lilikuwa chini ya dirisha na jua lilikuwa linampiga mzee mgongoni.

"Basi sijui," alisema hatimaye. "Ingekuwa asali ningekuambia. Lakini ukiandika, weka jina langu. Andika niliongopa. Usiandike nilisahau. Mimi sisahau."

Aliondoka na gari la hospitali saa tisa alasiri. Mkewe alipanda naye, amebeba blanketi na ndoo ya uji.

*

Jumatatu saa mbili asubuhi watu kumi na wanne walikuwa kwenye benchi za nje. Kabula alikuwa wa tatu, khanga imefungwa kuzunguka shavu. Sikudhani aliwatazama wote kupitia dirishani, mmoja mmoja, ili asije akasema baadaye kwamba hakuwaona. Kisha akaketi, akajaza fomu nyekundu. Ilikuwa na kurasa tano. Mahali palipouliza chanzo cha kosa aliandika jina lake kamili na namba ya cheti chake, na chini yake akaeleza jinsi alivyokuwa akiwapokea wagonjwa. Akaweka na jina la Mzee Msabila kama alivyoombwa. Akatuma.

Mwanga wa buluu ulizimika. Kabati likatoa mlio mfupi, na ulimi wa chuma ndani ya mlango ukaingia mahali pake.

Alitoka nje.

"Kioo kimesimama," aliwaambia. "Kimekuwa kikikosea na mimi ndiye niliyekikosesha. Wengine mliambiwa ni jipu kumbe si jipu. Nina orodha, na leo naanza kuwaita. Vinywa nitavisoma mwenyewe. Kung'oa nitang'oa. Dawa imefungwa kwa sheria, miezi minne."

"Kwa hiyo wenye majipu tufe?" fundi baiskeli mmoja aliuliza, ameshika taya.

"Na wewe una jipu au una deni la baiskeli yangu?" mwanamke wa nyuma alisema, na watu wawili watatu wakacheka, kisha wakaacha.

Sikudhani alimwita Kabula kwanza. Shavu lilikuwa na joto. Alipogusa chini ya taya kidole kilizama na msichana aliruka kitini. Jino la nyuma lilikuwa na tundu jeusi la kuingiza njiti ya kiberiti. Homa, siku nne. Hili lilikuwa jipu la kweli, lenye tabia zake zote, na lilikuwa limeanza kushuka. Alilipasua, usaha ukatoka, akang'oa jino. Kabula alishukuru kwa macho. Lakini sakafu ya mdomo ilikuwa imeinuka na ulimi umesukumwa juu, na Sikudhani alijua kwamba usaha uliotoka ulikuwa sehemu tu. Bila dawa, asingevuka Jumatano.

Alinawa mikono. Alikwenda kwenye kabati, akalitazama kama anavyotazama kinywa, kwanza kwa mbali, kisha karibu. Kufuli lilikuwa la chuma kizito. Walilinda mbele, wakasahau bawaba, zilizoshikwa kwa skrubu tu.

"Perpetua, bisibisi iko wapi?"

Muuguzi alimwelewa kabla hajamaliza. "Tabibu, hiyo ni jela."

"Pengine."

"Cheti chako—"

"Hicho nimeshakiandika kwenye fomu."

Perpetua alisimama kidogo, kisha akaenda kuileta. Skrubu zilikuwa sita na zilikuwa na kutu. Ilichukua nusu saa. Mlango ulipotoka waliuegemeza ukutani, na Sikudhani akafungua daftari jipya la mistari. Aliandika jina la Kabula, tarehe, kiasi cha dawa, na kwenye safu ya aliyeamuru akaandika lake. Alimpa fundi baiskeli vidonge pia. Waliofuata wanne hawakuvihitaji, akawaambia hivyo, na mmoja aligomba naye sana.

Simu zilianza kabla ya saa nne. Matabibu wa vituo vingine walikuwa wanauliza kama ni kweli. Wengine walimlaani, naye aliwasikiliza. Ombeni alituma ujumbe mmoja kwamba wameanza, wanafanya kazi zamu tatu. Vile vituo kumi na viwili havikupiga, kwa kuwa havikuwa na tabibu wa kupiga. Alizitaja namba zao kwa Perpetua ili aziandike ukutani na kuanza kuwatafuta watendaji wa vijiji hivyo, na kati ya mgonjwa na mgonjwa aliita watu wa orodha. Wa kwanza alipokea. Wa pili alipokea. Wa tatu alipokea binti yake, akasema mama alizikwa Februari, ilikuwa jino.

"Pole," Sikudhani alisema. Alimwomba amruhusu apige tena jioni, ili amweleze vizuri.

Saa sita kasoro alipiga tabibu mmoja aitwaye Elifuraha, kutoka kituo cha mbali zaidi, kule ambako barabara inakatika masika. Sauti yake ilikuwa changa.

"Mama, kabati limejifunga. Nina mzee hapa, uvimbe umefika shingoni. Hawezi kumeza. Nifanye nini?"

Sikudhani alitazama mlango ulioegemezwa ukutani. Kuhatarisha jina lake lilikuwa jambo moja; la kijana huyu lilikuwa jingine.

"Unajua kulifungua ni kosa," alisema.

"Najua. Nimeisoma sheria yote asubuhi hii."

"Mimi sikuambii ulifungue."

"Sawa. Hujaniambia."

Nyuma ya sauti yake mtu alikuwa anakoroma akijaribu kuvuta hewa.

"Bawaba zake ziko nje au ndani?"

Zikasikika hatua, kitu kikaburutwa sakafuni.

"Nje."

"Anza na ya chini," Sikudhani alisema. "Ukianza na ya juu, mlango utakuangukia."